Maji ya Fedha: Chupa Moja, Kazi Nne

Shangazi yangu wa Tanga si mtu wa kuagizaagiza. Miaka kumi na moja niliyokaa Marekani ameniomba mara tatu tu: miwani ya kusomea, viatu laini vya kutembelea, na safari hii, maji ya fedha. Alinitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, ukija Desemba usinisahau na yale maji ya fedha ya huko. Jirani yangu kaletewa na mwanawe, anasema yanatibu kila kitu." Kisha akanihesabia anachoyatakia: pua inayomziba hadi paji la uso likauma, kidonda kidogo chini ya dole gumba la mguu, wiki ya tatu sasa na hakijafunga, kikohozi cha mjukuu wake wa miaka miwili, na maji ya kisima, ambayo ameambiwa ukiyadondoshea matone machache huna haja ya kuyachemsha.

Nilikwenda dukani siku iliyofuata, hapa Columbus, Ohio, kwenye duka la vitamini na mitishamba. Chupa ipo, tena ya rangi ya buluu iliyokoza, imepangwa mbele karibu na keshia. Ina mililita 237. Bei yake ni kama dola 30, ambazo kwa viwango vya karibuni ni shilingi 75,000 hivi za Tanzania. Sikuinunua. Niliipiga picha lebo yake, nikarudi nyumbani, nikashika kalamu. Haya ni mahesabu niliyoyafanya kwa ajili ya shangazi, na nayaandika kwa sababu najua si yeye peke yake anayeagiza.

Fedha inayosemwa hapa ni ile ya vikuku na bangili. Wataalamu huita kitu hiki fedha ya koloidi: chembe ndogo mno za fedha, zisizoonekana kwa macho, zinazoelea ndani ya maji bila kutua chini. Kwenye chupa huandikwa tarakimu na herufi ppm mbele yake, maana yake sehemu kwa milioni. Kwa maji, hiyo ni sawa na idadi ya miligramu kwa lita. Chupa niliyoishika ni ya 10 ppm, basi lita moja ingekuwa na miligramu 10 za fedha, na mililita zile 237 zina miligramu 2.37. Hicho ndicho kiasi chote cha fedha anachonunua mtu kwa dola 30.

Wazee wa pwani waliijua fedha kwa uzito. Riale ya Maria Theresa, ile yenye tarehe ya 1780 iliyokuwa ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Unguja na mrima, ina gramu 23.39 za fedha safi. Riale moja ingetosha kutia fedha katika chupa karibu 10,000 kama ile. Hata kama wakia moja ya fedha ingeuzwa dola 100 sokoni, fedha iliyo ndani ya chupa haifikishi thamani ya senti moja ya Kimarekani. Ukigeuza hesabu, mnunuzi wa chupa analipa zaidi ya dola 12,000 kwa gramu. Hakuna sonara, wa Tanga wala wa Dubai, anayeuza hata dhahabu kwa bei hiyo. Kilichobaki ndani ya chupa ni maji yaliyosafishwa, ambayo galoni nzima hapa haizidi dola mbili tatu.

Nijibu hoja moja kabla haijaulizwa. Dawa hazipimwi thamani kwa kilo. Kidonge cha tezi ya shingo kina dawa iliyopimwa kwa mikrogramu, na hakuna anayelalamika kwamba ni ndogo, kwa sababu bei ile imelipia majaribio, vipimo vya ubora, na uhakika kwamba kidonge cha leo ni sawa na cha kesho. Kwa hiyo swali la haki ni hili: bei ya maji ya fedha imelipia ushahidi gani?

Mwaka 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa kanuni kwamba dawa zote zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na fedha ya koloidi au chumvi za fedha hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na manufaa kwa ugonjwa wowote. Kuanzia hapo kuiuza kama dawa ni kuvunja sheria. Basi inauzwaje mbele ya keshia? Inauzwa kama kirutubisho cha nyongeza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho viingie dukani bila kwanza kuthibitisha kwamba vinafanya kazi, mradi muuzaji asidai kuwa vinatibu maradhi. Ndiyo maana nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo, kuna sentensi inayosema bidhaa hii haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Nilimsomea shangazi sentensi hiyo kwa Kiswahili kwenye simu. Akaniomba niirudie.

Na fedha yenyewe si kirutubisho cha mwili. Chuma tunakihitaji kwa damu, madini ya joto kwa tezi, zinki kwa ngozi na kinga. Fedha haina kazi yoyote inayojulikana mwilini. Hakuna mtu anayeumwa kwa kuikosa.

Inayojulikana vizuri ni hali ya kuwa nayo nyingi. Fedha inayomezwa kwa muda mrefu hujikusanya kwenye ngozi, kwenye fizi, kwenye kucha na ndani ya viungo. Mwanga wa jua ukiipiga, hufanya vilevile ilivyokuwa ikifanya kwenye filamu za picha za zamani: inageuka nyeusi. Mtu anakuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, hasa usoni, shingoni na mikononi, pale panapoota jua. Hali hii inaitwa ajiria, na haiondoki. Mionzi ya leza imewapunguzia rangi baadhi ya wagonjwa, kwa gharama na maumivu, lakini kuacha kunywa peke yake hakuirudishi ngozi ilivyokuwa.

Wapo waliojulikana kwa hilo. Stan Jones, aliyegombea useneti wa Montana mwaka 2002, alianza kujitengenezea maji ya fedha mwaka 1999 kwa hofu kwamba kompyuta zingezimika mwaka 2000 ukiingia na dawa za antibayotiki zingeadimika. Kompyuta hazikuzimika, uso wake ulibadilika. Paul Karason, ambaye picha zake zilizunguka dunia nzima mwaka 2008, naye alikuwa akijitengenezea na kuyanywa kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 62, bado ngozi yake ni ya buluu. Wote wawili walikuwa watu wazima waliotaka kujilinda, kama shangazi anavyotaka. Siwezi kuwacheka.

Je, kiasi gani ni kingi? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeweka kiwango cha mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa vyanzo vyote. Mtu wa kilo 60 asizidishe miligramu 0.3. Kijiko cha chai cha maji ya 10 ppm kina miligramu 0.05, kwa hiyo mtu mzima anayekunywa kijiko kimoja yuko chini ya kiwango. Lakini zipo lebo zinazoelekeza kuongeza mtu anapojisikia vibaya, hata vijiko saba kwa siku. Hapo anakuwa amemeza miligramu 0.35, amevuka, na chupa yake ya dola 30 haimalizi wiki. Mjukuu wa shangazi ana kilo 12. Kiwango chake ni miligramu 0.06, yaani kijiko kimoja na ziada kidogo. Ukichukua chupa ya 30 ppm, kijiko hichohicho kinamzidishia mtoto mara mbili na nusu. Zipo pia chupa za 500 ppm. Kijiko kimoja cha hizo kina miligramu 2.5, zaidi ya mara nane ya kiwango cha mtu mzima. Chupa nyingi zinafanana kwa rangi na kwa ukubwa. Tofauti iko kwenye tarakimu moja ndogo ambayo wengi hawaambiwi maana yake.

Wapo ambao wakiona bei ya chupa huelekezwa kwenye mashine ya kutengenezea nyumbani: nyaya mbili za fedha, chanzo kidogo cha umeme, glasi ya maji. Zinauzwa kuanzia makumi ya dola hadi mamia. Kwa hesabu ya pesa tu, mashine inashinda, maana baada ya hapo maji hayana gharama kubwa. Kwa hesabu ya mwili ni chaguo baya kuliko yote, kwa kuwa anayetengeneza hajui amepata ppm ngapi. Wengine hutia chumvi kidogo ili umeme upite haraka, na hapo hata kinachopatikana kinakuwa kitu kingine, kloridi ya fedha.

Sasa niwe mkweli kuhusu upande wa pili, kwa sababu sifa za fedha hazikuzuka hewani. Fedha inaua bakteria. Miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig alianza kudondoshea macho ya watoto wachanga tone la naitreti ya fedha, na upofu uliokuwa ukiwapata watoto kutokana na kisonono cha mama ukapungua sana. Kwa karibu karne nzima tone hilo lilikuwa kawaida kwenye wodi za uzazi, hadi mafuta ya antibayotiki yalipochukua nafasi. Mpaka leo, anayeungua na maji ya moto akipelekwa hospitali huenda akapakwa krimu nyeupe ya silva salfadayazini, asilimia moja, iliyoingia kwenye tiba miaka ya 1960. Hiyo ni dawa halali na ina fedha ndani yake.

Mwaka 1902 Albert Barnes na mwenzake Hermann Hille walianza kuuza Argyrol, dawa ya matone yenye fedha iliyoshikizwa kwenye protini. Barnes alitajirika kiasi cha kukusanya michoro 181 ya Renoir na 69 ya Cézanne, ambayo watu wanakwenda kuiona Philadelphia hadi leo. Faida kubwa katika kiasi kidogo cha fedha si jambo jipya. Argyrol nayo iliwaacha baadhi ya watumiaji na ngozi ya kijivu, na penisilini ilipofika miaka ya 1940 madaktari waliiacha kwa hiari yao, kwa kuwa walipata kitu kinachofanya kazi ndani ya mwili.

Hapo ndipo maneno ya wauzaji yanapoteleza. Fedha kwenye jicho, kwenye ngozi iliyoungua, kwenye sahani ya maabara, inamkuta bakteria ana kwa ana. Ukiimeza, inakutana kwanza na chumvi, tindikali na protini za tumboni, nazo huing'ang'ania. Ushahidi wa nje ya mwili unatumika kuuzia kitu cha kunywa. Mwaka 2020 korona ilipoingia, mhubiri wa televisheni Jim Bakker aliuza bidhaa ya fedha kwenye kipindi chake, na mgeni wake akadai imeua aina nyingine ya kirusi cha korona ndani ya saa 12. FDA na tume ya biashara ya Marekani zilimwandikia onyo yeye na wauzaji wengine sita mwezi Machi. Jimbo la Missouri likamshtaki. Mwaka uliofuata upande wake ulikubali kulipa dola 156,000 kumaliza shauri, bila kukiri kosa.

Turudi kwenye orodha ya shangazi, niipitie moja moja na zile shilingi 75,000 mkononi.

Maji ya kisima ndiyo mepesi kuhesabu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yanaweza kuwa na fedha hadi miligramu 0.1 kwa lita bila hatari. Chupa ya dola 30 ina miligramu 2.37. Ukiigawa kwa kiwango hicho inatosha lita 23: ndoo moja na jagi. Baada ya ndoo hiyo, chupa imekwisha. Tena shirika hilohilo, lilipoichunguza fedha kama kisafishaji, halikuipendekeza iwe ndiyo njia kuu ya kutakasa maji ya nyumbani, kwa sababu kazi yake ni ya polepole na dhidi ya virusi na vijidudu vyenye ganda gumu ni dhaifu. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67, kama vile vinavyouzwa kwa majina ya WaterGuard na Aquatabs, kinatibu ndoo ya lita 20 kwa nusu saa, na bei yake ni ya kununulia pipi. Kuchemsha kunafaa vilevile, ila mkaa unapanda kila mwaka. Asiye na mkaa wala kidonge ana chupa ya plastiki inayopitisha mwanga: maji yasiyo na tope, juani saa sita, au siku mbili mawingu yakitanda.

Katika maji, fedha ina nafasi moja nzuri, nayo haitangazwi kwenye maduka ya vitamini. Mwaka 1981 Fernando Mazariegos wa Guatemala alitengeneza chungu cha kuchuja maji. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na unga wa mbao au pumba, chungu kikichomwa zile pumba zinaungua na kuacha matundu madogo sana, kisha chungu kinapakwa fedha ya koloidi ili bakteria wasizaliane ndani yake. Shirika la Potters for Peace liliusambaza ufundi huo, na vyungu vya namna hiyo vinatengenezwa hata Afrika Mashariki. Fedha inabaki ukutani mwa chungu, kinachofika kwenye kikombe ni kidogo mno, na chungu kinadumu miaka badala ya ndoo moja. Mwenye shilingi 75,000 na mapenzi ya fedha, aulizie chungu. Virusi havizuiwi vizuri na chungu; tena panapokuwa na kipindupindu au mafuriko, kidonge cha klorini kiongezwe.

Pua. Shangazi anateseka kwelikweli na pua, hasa vumbi la kaskazi linapovuma. Wauzaji wana dawa ya fedha ya kupulizia puani, ghali kuliko ya kunywa kwa kila tone. Mbadala wake ni chumvi: nusu kijiko cha chai ndani ya kikombe cha mililita 240 cha maji yaliyochemshwa dakika chache na kupoa, na chembe ya soda ya kuokea ili isichome. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo, ya shilingi mia chache, inatoa zaidi ya mara 150 za kuosha pua. Chupa laini ya kuoshea ninampelekea. Ni ya dola kumi na kitu na anaitumia muda mrefu. Sharti ni moja tu na halina mjadala: maji yawe yamechemshwa. Yapo maambukizi ya ubongo, adimu lakini ya kuua, yanayoingia kwa maji mabichi puani.

Kikohozi cha mtoto kinanipa wasiwasi kuliko pua, kwa sababu hapa gharama ya chupa ni muda. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko cha asali kabla ya kulala, na kinasaidia; aliye chini ya mwaka asipewe kabisa. Mafua ya kawaida yatakwisha yenyewe. Lakini mtoto wa miaka miwili anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anashindwa kunywa, huenda ana nimonia, na nimonia ina dawa: amoksilini, vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, dawa ya bei ndogo. Tangu 2013 chanjo ya nimonia hutolewa Tanzania bila malipo. Kisera, watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi katika vituo vya serikali, ingawa kila mzazi anajua siku ambazo dawa haipo dirishani na ataambiwa akanunue nje. Shilingi za chupa ndizo za kununulia siku hiyo. Nilimwomba shangazi ahesabu pumzi za mtoto wakati tuko kwenye simu. Zilikuwa 28. Tukashusha pumzi sote.

Kidonda nimekiacha mwisho kwa kuwa ndicho kilichoninyima usingizi. Shangazi ana kisukari mwaka wa tisa. Nilipomuuliza kidonda kilianzaje, hakujua. Hakusikia maumivu, alikiona damu ilipochafua mkeka. Anayejua kisukari anajua maana ya jibu hilo: miguu imeingia ganzi. Mtu mwenye ganzi anaweza kutembea juu ya mwiba mwezi mzima.

Mtu angedhani hapa ndipo fedha, ya kwenye jeraha, ingefaa. Kwa kidonda cha kisukari haifai. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa mguu wa kisukari unashauri vitambaa vyenye fedha visitumike kwa ajili ya kuponya kidonda hicho, na asali nayo isitumike, ijapokuwa asali imeonyesha kusaidia majeraha madogo ya moto. Kinachoponya ni kuondoa uzito juu ya kidonda, kukata nyama iliyokufa, kutibu maambukizi kwa dawa sahihi, kuangalia kama damu inafika kwenye vidole, na kushusha sukari. Hayo hayauzwi ndani ya chupa. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianza kufundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania kazi hiyo miaka ya mwanzo ya 2000, katika mradi uliokwenda sambamba na India, kwa sababu waliona wagonjwa wakifika hospitali mguu ukiwa hauokoleki tena. Wengi wao walikuwa wameanza na kidonda kidogo na dawa ya nyumbani.

Wiki tatu tayari zimekwenda. Angesubiri chupa yangu ya Desemba, zingekuwa wiki kumi. Hiyo ndiyo bei niliyoiogopa, na haimo kwenye dola 30. Bei ya namna hiyo tumewahi kuilipa: mwaka 2011 maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500, hakuna aliyeweza kusema ni ghali. Nauli, siku za foleni barabarani, na vidonge vilivyoachwa nyumbani na baadhi ya wagonjwa ndivyo vilivyogharimu. Wengi wa waliokwenda walikuwa na sababu ya haki: walikuwa wamechoka kuambiwa dawa imekwisha.

Kwa hiyo nilituma pesa siku ileile, zile zile 75,000, kwa simu, nikamwambia ni za teksi ya kwenda na kurudi hospitali ya Bombo na chochote kitakachopungua. Alikwenda na binamu yangu. Walimkwangua kidonda, wakakuta kipande cha mwiba kirefu kama punje ya mpunga. Sukari ilikuwa juu, 17. Sasa anarudi kila baada ya siku tatu, amepewa kiatu cha kupunguza uzito mbele, na ndani ya begi langu la Desemba nimeweka soksi nyeupe jozi sita, nyeupe ili damu ionekane mapema, na kioo kidogo chenye mpini wa kuangalizia unyayo. Soksi na kioo pamoja havikufika dola 25.

Juzi nilimwomba anitumie picha ya chupa ya jirani yake, nilitaka tu kuona tarakimu. Ilikuwa 30 ppm. Nikamuuliza jirani anaumwa nini hasa.

"Ana tezi ya shingo. Anakunywa vile vidonge vya asubuhi, miaka sasa. Anasema siku hizi havimsaidii, amechoka tu, baridi inamwingia mpaka Tanga hii."

Nikamweleza kwamba fedha inaweza kuzuia dawa ya tezi isiingie mwilini vizuri, kama inavyozuia tetrasaiklini na siprofloksasini, na kwamba jirani achukue chupa na vidonge vyake vyote ampelekee mfamasia au daktari wake, asiache vidonge. Shangazi alinyamaza. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na fimbo yake ikigonga sakafu.

"Ngoja niende sasa hivi," alisema, "hajalala bado."